Maziwa Hayaoshi Kifua: Hotuba juu ya Kupiga Rangi Motokaa Nyumbani

(Haya ndiyo maneno aliyoyasema ndugu yetu mmoja, fundi wa rangi, mbele ya wanachama katika mkutano wa Jumapili huku Eastlands. Tumeyachapa hapa kwa kuwa wengi ambao hawakufika wameyauliza.)



Katibu aliniomba niseme juu ya kupiga rangi motokaa nyumbani. Nilimwuliza kwa nini, maana kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi. Akanijibu kwamba wanachama wengi wa gereji wana kazi ya pili Jumamosi jioni na Jumapili, katika ploti wanazokaa, ili wapate ada ya shule, na hakuna mtu anayewaambia jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kujiumiza. Nikaona ana haki. Basi nitasema jinsi ya kuifanya rangi itoke nzuri, na jinsi ya fundi kubaki mzima. Nitayasema pamoja, kwa sababu katika kazi yetu mambo hayo mawili hayaachani.

Mimi nimeshika bunduki ya rangi zaidi ya miaka thelathini. Nilianza nikiwa kijana wa kupiga msasa katika Kirinyaga Road, ile ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan, kisha nikahamia Kariobangi Light Industries. Sijui kila kitu, lakini makosa mengi nimeyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, na moja nitawaeleza leo ingawa linaniumiza.

Kwanza tutazame mahali tunapofanyia kazi. Vitabu vya Ulaya humwambia mtu aingize motokaa katika gereji ya nyumba yake, afagie, afunge milango. Sisi gereji hiyo hatuna. Nyumba za Kaloleni, Makongeni na Bahati zilijengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya wafanya kazi, vyumba vichache tu, wala aliyezichora hakufikiri kwamba mwenye kukaa humo atakuwa na motokaa. Katika Umoja na Dandora ploti moja ina jamaa nyingi, bomba la maji ni moja, kamba za nguo zimepita kila upande, na majiko yako mlangoni. Kwa hivyo ukipiga rangi hapo hufanyi kazi peke yako. Unafanya kazi pamoja na watoto wa jirani, nguo za jirani na moto wa jirani. Mimi niliwahi kulipa shuka mbili nyeupe za mama mmoja zilizopata vidonge vya rangi nyekundu, na faida yangu ya siku ile ikaishia hapo.

Sasa rangi yenyewe. Nasema juu ya ile rangi ya laka, ambayo huyeyushwa kwa thina na kukauka upesi. Asili yake ni pamba. Pamba huwekwa katika asidi kali ikageuka kuwa nitroselulosi, ambayo ni ndugu wa baruti. Kabla yake, motokaa zilipakwa vanishi kwa brashi, na kazi ya gari moja iliweza kuchukua majuma. Huko Marekani kampuni ya DuPont ilitoa laka iliyoitwa Duco, na mwaka 1924 magari ya Oakland yakatoka kiwandani yakiwa na rangi ya buluu ya laka hiyo. Tangu hapo siku nyingi za kungoja zikawa saa chache. Viwanda vikubwa vya motokaa vimekwisha kuiacha, lakini kwetu sisi wa jua kali bado inafaa, kwa sababu haitaki tanuri wala chumba maalum, na ikiharibika hurekebishwa kwa urahisi.

Shikeni neno hili moja: laka haikauki kwa kubadilika, hukauka kwa kuondokewa na thina. Thina ikienda zake hewani, rangi hubaki juu ya bati. Mtu akilielewa hilo, ataelewa kila kitu kingine nitakachosema. Ataelewa kwa nini mkono wa pili wa rangi unashikana na wa kwanza, maana thina mpya huyeyusha kidogo rangi iliyo chini. Ataelewa kwa nini rangi hubabuka, na kwa nini huota ukungu mweupe. Pia itampasa ajiulize: hiyo thina iliyoondoka, imekwenda wapi?

Kabla ya kufungua mkebe, pima rangi ya zamani. Chukua kitambaa chenye thina, sugua mahali pasipoonekana, kama upande wa ndani wa buti. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, hiyo ni laka, nawe waweza kupiga laka juu yake. Ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hiyo ni enameli. Ukiipiga laka juu yake itababuka, na itakubidi uikwangue yote au uifunike kwa praima ya kuizuia. Isipofanya lolote, ni rangi ya kiwandani iliyookwa au ile ya mikebe miwili. Ipige msasa vizuri kisha uendelee. Jambo hili huchukua dakika moja tu. Nimeona vijana wakipoteza kazi ya siku nne kwa kuiruka dakika hiyo.

Baada ya hapo osha gari kwa maji na sabuni, ukauke, kisha futa mafuta na polishi ya zamani kwa kitambaa safi. Polishi nyingi zina silikoni, nayo ikibaki kwenye bati rangi huikimbia na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Kutu ikwangue mpaka ulione bati jeupe. Ukiifunika kutu kwa filla, mwenye gari atarudi kwako baada ya mvua moja. Filla ikikauka ipige msasa kwa kipande cha mbao kilicho sawa, wala si kwa vidole, maana vidole huacha mabonde. Jicho hudanganywa, funga macho upitishe kiganja, kiganja kitakuambia.

Praima ikishakauka, ipige msasa wa maji namba 400 hadi 600. Nasema wa maji, na nina sababu mbili. Ya kwanza, maji hufanya kazi iwe laini. Ya pili ni vumbi. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Hapa Nairobi tumekwangua manjano nyingi: mnakumbuka sheria za mwaka 2004 zilizotaka kila matatu iwe na mstari wa manjano. Usilipulize vumbi hilo kwa kompresa katikati ya ploti. Lilowanishe, likusanye, ulitupe mbali na mahali watoto wanapochezea.

Sasa tufike kwenye bunduki. Vijana hudhani kazi ya rangi ndiyo hii. Hesabuni wenyewe: katika kazi ya siku saba, bunduki haifanyi kazi zaidi ya saa mbili au tatu. Siku nyingine zote ni msasa, maji na subira.

Toa maji yaliyomo ndani ya tangi la kompresa kabla ya kuanza. Changanya laka na thina nusu kwa nusu, au thina izidi kidogo, kwa kufuata maneno ya mkebe. Chuja mchanganyiko kwa soksi safi ya nailoni. Jaribu kwanza juu ya karatasi. Bunduki iwe umbali wa shibiri moja kutoka kwenye bati, nayo isafiri sambamba na bati kama treni relini. Ukizungusha mkono kama mtu anayefyeka nyasi, katikati patakuwa na rangi nyingi na pembeni patakuwa na vumbi tu. Anza kusogea kabla ya kuvuta kifyatulio, na uachilie kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Piga mikono minne au mitano, myembamba, ukingoja dakika kumi hadi kumi na tano kati ya mmoja na mwingine. Mwenye haraka hupiga mkono mmoja mzito, nao hutiririka kama machozi.

Hali ya hewa nayo ni fundi mkuu. Wakati wa mvua za masika, na katika baridi ya mwezi wa Julai, rangi huota ukungu mweupe. Sababu ni kwamba thina ikiondoka huchukua joto, bati hupoa, na unyevu wa hewa hutua juu ya rangi mbichi. Ukiona hivyo usiongeze rangi. Ngoja jua litoke, kisha pitisha ukungu mwembamba wa thina ya polepole, na weupe huo mara nyingi utaondoka. Wakati wa jua kali shida ni nyingine: thina hukauka hewani kabla ya kufika, na rangi inakuwa na maganda kama ya chungwa. Kwa Eastlands saa nzuri ni asubuhi, umande ukishakauka na kabla ya upepo wa vumbi. Nyunyiza maji chini ili vumbi litulie.

Ukimaliza, iache gari. Laka mpya inaweza kuguswa baada ya nusu saa, lakini thina iliyo ndani bado haijatoka yote. Ingoje siku chache, juma zima likiwezekana. Ndipo upige msasa mwembamba wa namba 1200 au 1500, wa maji na sabuni kidogo, mpaka maganda yaishe na rangi yote iwe hafifu. Usiogope ikipoteza mng'ao. Kisha sugua kwa kompaundi na kitambaa laini, nawe utaona uso wako ndani ya mlango. Kuwa mwangalifu kwenye kingo na mikunjo, maana hapo rangi ni nyembamba na msasa huifikia praima upesi. Nta usiipake mpaka mwezi mmoja upite, ili rangi ipumue.

Na mwambie mwenye gari jambo moja: rangi ya motokaa imeandikwa katika logibuku. Akitaka gari nyeupe iwe nyeusi, ni lazima apeleke habari NTSA ili hati ibadilishwe. Asipofanya hivyo anaweza kushikwa, na wewe fundi utaulizwa.

Sasa turudi kwenye lile swali: thina imekwenda wapi?

Sehemu moja imekwenda chini. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, ukatafuta jiko. Nimewaambia laka ni ndugu wa baruti, na hata vumbi lake lililokauka hushika moto kwa kasi. Kwa hivyo piga rangi mahali pa wazi, kamwe si ndani ya chumba. Waombe majirani wazime majiko, au uende mbali nao. Sigara hapana. Kompresa na waya za stima ziwe mbali, upande upepo unakotoka. Debe la mchanga liwe karibu. Vitambaa vyenye thina visilale ndani ya nyumba, wala thina isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto ataiona soda.

Sehemu nyingine imeingia kifuani mwako. Wengi wetu tumefundishwa na waliotutangulia kwamba ukimaliza kupiga rangi unywe maziwa, nayo yataosha kifua. Tajiri huja jioni na pakiti ya maziwa, tunamshukuru, tunaona ni mtu mwema. Ndugu zangu, maziwa ni chakula kizuri, lakini yana njia yake. Huingia tumboni. Mvuke huingia mapafuni, na kutoka mapafuni huingia damuni mpaka kichwani. Ndiyo sababu kichwa huuma na mtu huwa kama mlevi. Maziwa hayapiti njia hiyo hata kidogo. Kitambaa ulichofunga puani nacho huzuia vumbi kubwa, lakini mvuke hukipita kama moshi upitavyo kwenye wavu.

Kwa laka, maski ifaayo ni ile ya mpira yenye mikebe miwili ya makaa. Ikae sawa usoni, na mwenye ndevu ajue kwamba haikai sawa. Ukianza kusikia harufu ya thina, badili mikebe yake. Ukimaliza kazi ifunge ndani ya kopo au mfuko usiopitisha hewa, ama sivyo makaa yataendelea kunywa harufu usiku kucha na kesho hayatakufaa.

Na sasa nitaeleza kosa langu. Kuna ile rangi ya mikebe miwili, ambayo huchanganywa na hadina. Inang'aa bila kusuguliwa, na wateja wanaipenda. Hiyo haikauki kama laka. Ndani ya hadina kuna dawa ziitwazo isosayaneti, zinazoifanya rangi igande, na ukizivuta hewani zaweza kukupa ugonjwa wa pumu. Ubaya wake ni kwamba harufu haikuonyi, na ile maski ya makaa haitoshi. Inatakiwa maski inayoletewa hewa safi kwa bomba. Tena mtu akishaathirika, safari nyingine hata kiasi kidogo sana kinatosha kumkaba.

Mpwa wangu alimaliza Fomu Foa akaja kwangu kutafuta kazi. Nilimpeleka katika gereji moja, jina lake silitaji. Huko walipiga rangi ya mikebe miwili ndani ya banda lililofungwa, naye alipewa kitambaa na pakiti ya maziwa. Mwaka haujaisha akaanza kukohoa usiku. Jumapili alikuwa nafuu, katikati ya juma anazidiwa. Mimi nilimwambia ni baridi ya Nairobi. Jumapili moja nilikuwa na kazi nyumbani, na nilikuwa nimebakiwa na hadina kidogo katika mkebe. Nikaona nisiitupe, nitapata mng'ao wa haraka. Nikamwita anishikie taa. Hazikupita dakika nyingi, kijana akakaa chini akishika shingo yake, midomo ikabadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Alipona, lakini daktari alisema kazi ya rangi imekwisha kwake. Leo anauza vipuri, na akipita karibu na banda la rangi huvuka barabara. Mama yake, dada yangu, hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kwa hivyo nawaambieni wazi: rangi ya mikebe miwili msiipeleke nyumbani. Hata kidogo, hata ya kumalizia mlango mmoja. Nyumbani piga laka, mahali pa wazi, ukiwa na maski. Mteja akitaka ile nyingine, aende mahali penye chumba na hewa ya bomba.

Na huko tunakoajiriwa je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kumkinga mfanya kazi aliye karibu na kitu cha kudhuru. Inamtaka mfanya kazi naye avitumie, na atoe habari aonapo hatari. Mahali penye watu ishirini au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe ndani yake. Penye watu wachache, mwajiri bado amefungwa na sheria. Tena Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazi, ya mwaka huo huo wa 2007, inahesabu pia magonjwa yaliyopatikana kwa ajili ya kazi. Mpwa wangu hakupata kitu, kwa sababu hatukumwambia daktari ni kazi gani aliyofanya, wala hatukuandika popote. Msifanye hivyo. Ukiumwa kifua, mwambie daktari kazi yako na rangi uliyotumia, ahakikishe imeandikwa, na nakala ya hati uilete kwa katibu.

Neno la mwisho ni bei. Najua mnajiuliza fedha za maski zitatoka wapi. Tukipewa kazi ya nyumbani tunahesabu rangi, thina na msasa, kisha tunaongeza kidogo tunasema ndiyo faida. Hatuhesabu siku zetu saba, wala stima, wala maski. Kisha mwingine anashusha bei ili atuchukulie kazi, naye anafanya bila maski. Hapo sisi wenyewe ndio tunaouza mapafu yetu kwa bei rahisi, hakuna tajiri aliyetulazimisha. Tukubaliane hapa kwamba mikebe ya maski ni sehemu ya bei, kama vile msasa ulivyo, na asiwepo anayeiondoa ili kumpendeza mteja.

Basi naomba mambo matatu. Chama kinunue maski kwa jumla ili kila fundi alipe kidogo kidogo. Kila mwenye kijana wa kujifunza asimpe bunduki kabla ya kumpa maski. Na kesho Jumatatu, pakiti ya maziwa ikija, ipokeeni na mseme asante kwa adabu, kisha mwulizeni tajiri: maski iko wapi? Mkiuliza mmoja mmoja atacheka. Mkiuliza wote pamoja, atajibu.

Maski yangu nimekuja nayo. Anayetaka kujua jinsi inavyovaliwa na abaki baada ya mkutano, nitamwonyesha.